Mwaka Nafasi Zetu Zilipofutwa

Mzee Etabo alizikwa Jumamosi. Kwenye matanga yake, chini ya turubai lililofungwa kutoka ukuta wa nyumba hadi nguzo ya umeme ambao bado tunausubiri, kijana mmoja wa ofisi ya ziwa alisimama, akashika mikono nyuma, akasema marehemu alikuwa rafiki mkubwa wa maendeleo ya mwanamke. Akasema ni yeye aliyetoa boti yake kwa hiari ili mwanamke wa kwanza wa mji wetu wa Baraka apate leseni ya unahodha, “mama yetu Sifa, aliye hapa kati yetu, ambaye alishinda kwa jasho lake mwenyewe, bila upendeleo wowote.” Viti vya plastiki vikalia, watu wakageuka kunitazama. Nilikuwa na mukeke mdomoni, samaki wa ziwa letu, na mukeke una miiba, kwa hiyo sikujibu. Najibu hapa. Mzee Etabo, Mungu amlaze pema, hakuwahi kutoa kitu kwa hiari, hata salamu aliipima kwanza aone uzito wake. Nilimheshimu kwa hilo, maana mimi pia niko hivyo hivyo. Boti yake hakunipa. Nafasi ndani yake niliinunua kwa mdomo, jua likiwa kichwani, mbele ya bandari nzima. Na kuhusu upendeleo, kijana yule alikuwa bado hajazaliwa au ananyonya mwaka ule walipoufuta, kwa hiyo nitamweleza polepole.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimerudi kutoka kambi za wakimbizi za ng’ambo kwa Watanzania nikiwa na Kiswahili cha shule na mkoba mmoja, wakati serikali ilipofungua mafunzo ya manahodha wa boti za motari, zile za injini, hapa Baraka. Nafasi kumi na mbili, nne kati yake za wanawake. Nilizihesabu mara mbili, kwa sababu kitu cha serikali ukikihesabu mara moja kinapungua. Darasa lilikuwa nyumba ya kupanga yenye bati lisilo na dari, mvua ikinyesha mwalimu ananyamaza na sisi tunatazamana. Nilikaa benchi moja na msichana kutoka Bibokoboko, Namahoro, ambaye alikuwa ameteremka kutoka milimani kwa miguu, na ziwa alikuwa amelizoea kwa kulitazama kutoka juu, kama mtu anavyolizoea paa la jirani. Wanaume walimwita “ule wa ng’ombe.” Siku ya kwanza walimwuliza kama anajua kwamba boti haina maziwa. Akawajibu kwa sauti ile yake ya chini kwamba anajua, ndiyo maana ameacha kikombe nyumbani. Wiki ya tatu tulipopelekwa majini, yeye ndiye aliyeshika mkono wa motari bila boti kuzungukazunguka bandari nzima. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Alisema ng’ombe mkaidi na wimbi la ubavuni vinataka kitu kimoja, usivute kabla hakijavuta.

Tuliishi pamoja kwenye chumba nyuma ya mashine ya kusaga mihogo. Bei yake ilikuwa ndogo, na sababu yake tuliijua asubuhi ya kwanza: unga uliingia kwenye kila tundu, tuliamka na nyusi nyeupe kama vikongwe. Tulipika bugali wa unga ule ule uliotuangukia, na sombe, yaani kisamvu, na ndakala kavu, dagaa wetu, tukipata, tukila kwenye sufuria moja huku Namahoro akilalamika kwamba chakula chetu cha ziwani kina macho mengi. Ukuta kati yetu na mashine ulikuwa wa udongo, mwembamba, na kwa upande wa pili bamama walipanga foleni na mabeseni yao. Mashine ikizimwa, tulisikia kila kitu. Nani kaolewa, nani karudishwa, mchungaji gani ana viatu vipya. Na kila siku, bila kukosa siku moja, tulisikia habari ya unga uliolowa. Boti zikipakia kwenda Uvira, magunia ya bamama yalitangulia chini kabisa, pale maji yanapojikusanya, na kreti za bia za banaume zilipanda juu, mahali pakavu. Ukifika Uvira, nusu ya gunia ni uji. Mama mmoja alisema bia haiogopi maji, yenyewe ni maji, lakini kapiteni hana masikio. Nilikuwa nacheka na kuendelea kula. Sikujua bado kwamba nasikia mtaji.

Walifuta nafasi zetu katikati ya mwaka. Hawakutuita pembeni. Chefu, mkuu wa ofisi ya ziwa, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata kwenye mikunjo isiyohitajika, aliingia darasani na karatasi, akatusomea kwamba kuanzia siku hiyo, kwenye kazi za serikali, kwenye shule zake na kwenye leseni zake, hakuna tena nafasi ya kutengewa mtu. Hakuna mwanaume, hakuna mwanamke, kuna mwanafunzi. Alisoma vizuri, na mimi nakiri maneno yalikuwa matamu. Hata sasa nikiyarudia sioni neno baya ndani yake. Nikanyoosha mkono nikauliza, basi, tunaendelea kusoma? Akasema bila shaka, hakuna aliyefukuzwa. Nikauliza, na boti ya mafunzo?

Hapo ndipo ubaya ulipokuwa umekaa. Ili ufanye mtihani ulitakiwa uwe na saa za maji, yaani kadi iliyojazwa saa ulizoendesha, na chini yake sahihi ya nahodha mwenye leseni. Wanaume walizipata kwenye boti za watu. Sisi wanawake tulikuwa na boti ndogo ya ofisi, iliyowekwa kwa ajili yetu, na kila mtu Baraka alijua kwa nini: kwenye boti ya mizigo mwanamke anakaa katikati, na mizigo. Ubao wa nyuma, ule wa kwenye motari, ni wa banaume. Mwanamke akikaa pale, wanasema motari inaharibika, au wimbi linaota meno, au samaki wanahama. Sababu zilibadilika kulingana na mtu uliyemuuliza, lakini ubao haukubadilika. Chefu akasema boti ile nayo ilikuwa sehemu ya upendeleo, imerudishwa. “Mutatafuta saa kama bengine banavyotafuta,” akasema. “Sheria sasa iko moja kwa bote.”

Wiki ile ile waliikokota boti yetu hadi mchangani na kuifunika. Mwezi haukuisha, mbuzi walikuwa wanalala ndani. Wale wanawake wengine wawili waliacha, mmoja akaenda kuuza vitenge, mwingine akarudi Kalemie kwa dada yake, na sikuwalaumu. Tukabaki mimi na Namahoro, na kadi mbili zenye saa chache, na mtihani ulikuwa mwisho wa kiangazi. Tusipojaza kadi, basi. Pesa ya kujaribu tena mwaka unaofuata hatukuwa nayo, na baba zake Namahoro walikuwa wamemwambia akirudi bila leseni arudi kabisa.

Tulizunguka bandari yote. Najua kupatana, nimekulia kwenye foleni ya mgao, nilijua kumfanya mtu apunguze bei na ajisikie amenionea. Haikusaidia. Mmoja alisema angetuchukua lakini mke wake. Wa pili alisema angetuchukua lakini abiria. Wa tatu alisema hana neno na sisi ila motari yake ni ya zamani na haijazoea. Nikamwuliza haijazoea nini, akasema tu haijazoea. Jioni tukikaa kwenye kizingiti cha chumba chetu, nilimwona mwanafunzi mwenzetu mmoja akipita na kadi iliyojaa, tena hakuwa hodari, alikuwa anaogopa mawimbi hadi anafumba macho. Mjomba wake alikuwa na boti. Hiyo tu. Mjomba ana boti, mpwa anapata saa, na mpwa akipata leseni atampa saa mdogo wake. Nafasi zile zilikuwa zimetengwa tangu babu zao, ila hazikuwa na jina, na kitu kisicho na jina hakuna karatasi inayoweza kukifuta. Nafasi zetu zilikuwa na jina. Nimeyafikiria haya kwa miaka mingi sasa, nikiwa kwenye usukani ambako kuna muda wa kufikiria, na sijapata hesabu nyingine inayotoka sawa.

Namahoro ndiye aliyesikia. Mashine ilizimwa, tukawa tunakula, na upande wa pili Mama Nyassa alikuwa anazungumza. Mama Nyassa aliuza unga na mawese, alikuwa na mwili wa kujaza mlango, na bamama wengine walimfuata hata akienda kununua chumvi. Alisema amepoteza tena gunia zima kwenye maji ya chini ya boti ya Mzee Etabo, na kwamba siku moja atakaa juu ya gunia lake mwenyewe, mutu akitaka kulitupa chini alitupe na yeye juu yake. Namahoro akaacha kutafuna. Akaniambia, “Unasikia? Ule mama iko na boti.” Nikasema hana boti, ana magunia. Akasema ni kitu kimoja, boti bila magunia ni kuni.

Kesho yake nilimfuata Mama Nyassa sokoni. Sikumwomba msaada, ukimwomba mfanyabiashara msaada anakuhurumia na huruma haina uzito wowote. Nilimwuzia kitu. Nilimwambia siku nitakayokuwa na leseni, kwenye boti ninayoendesha mimi, kreti zinakwenda chini na unga juu. Akaniuliza nitaweza kumwambia hivyo mwanaume mwenye bia. Nikamwambia nimeishi kambini, nimeshagombania ndoo na watu wenye mapanga. Akanitazama muda mrefu, kama anavyotazama muhogo kabla hajaukata. Kisha akauliza nataka nini.

Siku ya soko, magunia yalishuka bandarini kama kawaida, wapagazi wakaja, na bamama wakakaa juu ya magunia. Hawakupiga kelele, hawakuimba. Walitoa karanga, wakasukana nywele. Boti ndogo zilisubiri, kisha zikaanza kuulizana. Mzee Etabo alikuwa na boti kubwa kuliko zote, maana yake ni yeye aliyekuwa anapoteza zaidi, akaja akikunja kofia yake mikononi.

“Mama Nyassa, pakiza mizigo. Jua inaenda.”

“Tunapumzika kwanza, mzee.”

“Munapumzika ju ya nini?”

“Ju ya unga.”

Ameuliza sababu, amejibiwa mahali; bamama wakacheka, yeye hakucheka. Mama Nyassa akamwambia kwamba unga utapanda boti itakayokuwa na mwanamke kwenye motari, akijifunza kazi, na ikiwa haipo leo basi kesho, mihogo haina haraka. Mzee akageuka, akaniona nimesimama na kadi yangu na ya Namahoro. “We Sifa, njo we umewapa hii akili?” Nikamwambia hapana mzee, walikuwa nayo, mimi nilipita tu.

Tukaanza kupatana. Alisema nikae karibu na kapiteni wake nitazame. Nikasema kutazama hakujazi kadi. Akasema niendeshe ndani ya ghuba tu, tukifika ncha ya Ubwari nirudi katikati. Nikasema kutoka mwanzo hadi mwisho, kwenda na kurudi. Akasema kwenda, kurudi hapana. Nilimwangalia mtu wa bia ambaye alikuwa ameanza kutoa jasho, kreti zake zilikuwa zimepakiwa tayari na zilikuwa zinapika kwenye jua. Mzee naye akamwangalia. Akasema haya, kwenda na kurudi, hadi kadi ijae. Nikasema kadi mbili. Hapo akavaa kofia yake.

“Mumoja.”

“Tuko babili, mzee. Tumesoma pamoja.”

“Mumoja, mi nasema. Na si ule wa ng’ombe. Mwanamuke ku motari, batu batacheka, batazoea. Lakini mwanamuke wa mulimani ku motari, hakuna abiria atapanda. Mi najua batu bangu.”

Alisema mbele yake. Namahoro alikuwa hatua mbili kutoka pale, ameshika ndala zake mkononi kwa sababu ya mchanga. Nilikuwa tayari kumwambia mzee achukue boti yake aende nayo ahera, na Mama Nyassa alikuwa ameshavuta kanga yake kukaa vizuri zaidi, kwamba yuko tayari kulala pale. Bila shaka tungemshinda siku ya pili au ya tatu. Au asingeshindwa, na unga ungeoza, na bamama wangeanza kuondoka mmoja mmoja. Namahoro alihesabu haya haraka kuliko mimi. Akanivuta mkono.

“Kamata,” akasema. “Siye bote tukibakia inje, nani atatuvuta?”

Nikakamata. Siku ile nilikaa kwenye ubao wa nyuma kwa mara ya kwanza kwenye boti ya mizigo, miguu yangu imebanwa na dumu la petroli, na kapiteni wa Mzee Etabo amekaa pembeni amenuna, mikono mapajani, kama mtu aliyelazimishwa kusubiri zamu kwa kinyozi. Mwanaume mmoja alisema leo tunakufa. Akasema tena tulipopita Lusenda. Karibu na Uvira hakusema, alikuwa amelala. Motari haikuharibika. Samaki, kwa ninavyojua, walibaki.

Kadi yangu ilijaa siku chache kabla ya mtihani. Ya Namahoro haikuongezeka saa hata moja. Nilimwambia aje tu, labda wangemwonea huruma. Akanitazama kwa namna ambayo nilijua nimesema upuuzi. Mtihani wa kuandika, sisi wenye kadi zilizojaa tuliufanyia Fizi, kwenye kilima, mbali na ziwa. Unapanda mlima kwa moto, vumbi hadi kwenye meno, ili ukaulizwe habari za mawimbi na mtu aliyevaa koti la baridi. Wa vitendo ulifanyika Baraka. Msimamizi alinipeleka hadi ncha ya Ubwari, pale maji ya ghuba yanapokutana na ya ziwa kubwa, siku ya upepo, na akaniambia nizunguke. Sikuvuta kabla hakijavuta. Niliporudi mchangani, shati lake lilikuwa limelowa na langu pia, akaandika bila kunitazama.

Nilipita. Yule mpwa wa mjomba alipita pia, macho yamefumbwa au hayajafumbwa. Chefu mwenyewe alinikabidhi permi yangu, yaani leseni, akiifuta kwanza kwa kiganja kana kwamba ina vumbi, na alikuwa anafurahi kweli, sitamsingizia. Akasema, “Unaona, Sifa? Hukuhitaji zile nafasi.” Halafu akaniambia kesho kutwa niende naye redioni, watu wasikie mwanamke aliyeshinda bila kubebwa.

Nilirudi chumbani. Namahoro alikuwa amepika, na alikuwa amefunga mizigo yake, mkoba na mwavuli, vimekaa mlangoni. Tulikula. Nilimpa permi aishike. Aliisoma yote, mbele na nyuma, hadi yale maandishi madogo kuliko yote, akasoma moja kwa sauti: mwenye leseni hii anaweza kutia sahihi saa za maji za mwanafunzi. Akanirudishia. Hakuniomba kitu. Nikachukua mkoba wake nikausukuma chini ya kitanda, na mwavuli pia.

Mzee Etabo alikuwa amenipa kazi kufikia wakati huo, si kwa mapenzi, ila bamama walikuwa wamemwambia hawapandi na kapiteni mwingine. Kwa hiyo nilikwenda redioni nikiwa na boti. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa magodoro ya kuzuia mwangwi, na chefu alikaa karibu nami hadi magoti yetu yakagusana. Mtangazaji akauliza nilijisikiaje kushinda bila upendeleo. Nikasema mimi sikuja kusimulia, nimekuja kutangaza nafasi. Kwenye boti ninayoendesha, kiti cha kujifunza, kile cha karibu na motari, ni cha wanawake. Saa zao nitazitia sahihi mimi. Banaume wana boti nyingine zote, waende kwa bajomba. Wa kwanza ni Namahoro wa Bibokoboko, baada yake wajiandikishe kwa Mama Nyassa, sokoni. Mtangazaji alimtazama chefu, chefu aliyatazama magodoro, wakaweka muziki.

Nje, juani, chefu alinishika kiwiko. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, kama mwalimu.

“Sifa, hii yenye umesema iko upendeleo.”

“Njo yenyewe, chefu.”

“Lakini umeona mwenyewe, serikali iliufuta.”

“Ya serikali waliifuta. Hii ni yangu.”

Akasema ofisi haiwezi kuruhusu. Nikamwambia asome permi aliyonipa, upande wa nyuma, maandishi madogo, na akishasoma, akiwa na neno, aje bandarini kabla hatujaondoka, lakini mahali pa kukaa patakuwa katikati, na mizigo. Mzee Etabo naye alikuwa amesikia redio, alinikuta njiani akapiga kelele kwamba nimegawa kiti cha boti yake bila kumuuliza. Nikamwambia ningemuuliza angetaja bei. Akafikiri kidogo, akakubali kwamba angetaja.

Namahoro hakuwepo Jumamosi kumzika mzee. Yuko ng’ambo siku hizi, na sababu inayomzuia mtu wa mlimani kushuka bandari hii kila mtu wa Fizi anaijua, sitaichokonoa kwenye matanga ya mtu. Nilimpigia simu jioni nikamweleza hotuba ya kijana, kuhusu hiari, kuhusu jasho, kuhusu kutopendelewa. Alicheka hadi akakohoa. Aliniuliza kama bado kuna mwanamke kwenye kile kiti. Nikamwambia yupo, msichana wa Mboko, anavuta kabla hakijavuta, lakini atajifunza.

Asubuhi ile baada ya redio, nilichelewa. Nilikuwa nimelala nikijiambia kwamba labda hakuna atakayekuja, au abiria watashuka wote, au chefu ataleta polisi. Nilipofika mchangani, unga ulikuwa umeshapakiwa, kreti chini, bamama wamekaa juu ya magunia yao makavu wakigawana mandazi. Mwanaume mmoja alikuwa anateremka, anasema yeye atasubiri boti ya kesho. Walimpa mkoba wake kwa upole na nafasi yake ikachukuliwa na kuku. Namahoro alikuwa nyuma, amekaa, mkono wake tayari kwenye motari, ndala zake amezivua. Akaniuliza nangoja nini.